Nani Analipa Kodi ya Nyumba?

Vijana wanaokuja kwetu Kimisagara wana swali moja wanalonirudia kila mara, na watu wa mashirika hawaniulizi kabisa: hii nyumba mnailipa na nini? Vijana wanauliza kwa sababu wanajua maana ya kodi. Wengi wao wanaishi watu sita katika chumba kimoja, na kila tarehe ya kwanza wanamwona mama akijificha mwenye nyumba akipita. Kwa hiyo wakiona sisi tuna vyumba viwili, uwanja mdogo, meza, umeme na intaneti, wanataka kujua siri iko wapi. Basi nimeamua kuandika, ili wa mjini na wa kambini tusome kitu kimoja.

Mimi nilizaliwa Gihembe, kule Gicumbi, kambi iliyofunguliwa mwaka 1997 na kufungwa mwaka 2021. Wazazi wangu walitoka Masisi. Gihembe ilipofungwa kwa sababu ya makorongo yaliyokuwa yanakula udongo chini ya nyumba, watu walihamishiwa Mahama. Mama yangu yuko huko mpaka leo. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nikashuka Kigali kutafuta maisha. Nilianza kujitolea katika kikundi hiki cha vijana, na sasa ndiyo kazi yangu. Tunafundisha kutengeneza simu, Kiingereza, ngoma, na jioni tunasaidia watoto kufanya kazi za shule. Siku nyingine kazi yetu ni kukaa tu na kijana ambaye hana mahali pa kukaa. Hiyo ya mwisho haiingii katika ripoti yoyote, lakini ndiyo kubwa kuliko zote.

Kodi yetu ni faranga 150,000 kwa mwezi. Zidisha kwa 12, ni 1,800,000. Weka akilini hiyo hesabu.

Watu wengi kambini wanafikiri pesa yote ya dunia ya wakimbizi inatoka kwa UN. Siwalaumu. Ukiishi mahali ambapo maji, kadi, shule na hema vyote vina nembo moja, utafikiri hivyo. Lakini nyuma ya nembo kuna milango mingi. Kuna pesa ya serikali kubwa, inayopita UN na mashirika ya kimataifa, ikishuka ngazi baada ya ngazi. Kuna pesa ya makanisa na misikiti. Kuna pesa yetu wenyewe, ikimina kama wanavyosema hapa Rwanda, au likelemba kama wanavyosema nyumbani. Na kuna mlango mwingine ambao sikuujua mpaka nilipofikisha miaka 23: wakfu wa familia.

Neno wakfu watu wa pwani wanalijua tangu zamani. Mtu mwenye mali Lamu au Unguja alitenga nyumba, shamba la minazi au kisima, akasema hiki hakiuzwi wala hakirithiwi, faida yake ni ya msikiti, ya wasafiri, ya maskini. Yeye anakufa, kisima kinabaki. Familia za wafanyabiashara wa Kenya waliotoka India nazo zilifanya hivyo kwa njia yao: Rattansi Educational Trust ilianzishwa mwaka 1956 na inajulikana kwa kulipia wanafunzi karo. Kwa hiyo wazo si la Wazungu peke yao. Familia imepata, inatenga fungu, inaweka watu wa kulisimamia, na kila mwaka fungu linatoa matunda kwa watu wasio ndugu zao.

Mfano unaotajwa sana katika ukanda wetu ni Segal Family Foundation. Mzee Barry Segal wa jimbo la New Jersey, Marekani, alikuwa na kampuni ya Bradco iliyouza vifaa vya kuezekea paa. Mwaka 2007 alianzisha wakfu wa familia yake, na pesa yake nyingi imekuja upande huu: Burundi, Rwanda, Tanzania, Uganda, Kenya, Malawi na kwingineko. Wanasaidia mamia ya mashirika, mengi yakiwa yameanzishwa na wenyeji. Niliposikia mara ya kwanza kwamba tajiri wa mapaa anasaidia vikundi vya Afrika, nilicheka. Nikasema, huyu angalau anajua mvua inapoingilia.

Ngoja niseme wazi: sisi hatujapata pesa ya Segal. Siandiki kuwapigia debe. Nawataja kwa sababu namna yao ya kufanya kazi inaeleza mlango huu vizuri. Kwanza, wanatafuta vikundi vilivyopo tayari, wala hawaji na mradi wao mfukoni. Pili, pesa yao kwa kawaida ni pesa huru, yaani kikundi ndicho kinaamua itumike kwa mishahara, kodi, mafuta ya pikipiki au vitabu. Tatu, wanaweza kukaa na kikundi miaka mingi, wakianza na ruzuku ndogo na kuiongeza wakiona kazi. Nne, wanakutanisha vikundi vyenyewe kwa vyenyewe na kuvitambulisha kwa wafadhili wengine. Hata wana mpango wa kuwakuza viongozi, unaoitwa African Visionary Fellowship. Na wafanyakazi wao wengi ni Waafrika wanaoishi huku huku, watu ambao ukiwaambia umeme umekatika hawakuombi picha ya ushahidi.

Ili uelewe kwa nini pesa huru ni jambo kubwa, lazima ujue pesa iliyofungwa ikoje. Mwaka mmoja tulipata mradi wa miezi sita kutoka kwa shirika moja kubwa, silitaji. Bajeti ilikuwa imeshapangwa kabla hatujaiona. Kulikuwa na mstari wa fulana, mstari wa bango, mstari wa chai ya asubuhi, mstari wa ukumbi wa hoteli kwa semina ya siku tatu. Mstari wa kodi haukuwepo. Tuliuliza kama hiyo semina tunaweza kuifanyia kwetu, na pesa ya ukumbi ilipe miezi miwili ya nyumba. Jibu likaja kwa imeli: mstari hauwezi kubadilishwa. Basi vijana 30 wakala sambusa hotelini wakijifunza namna ya kujitegemea, na wiki hiyo hiyo mwenye nyumba akatufungia mlango kwa kufuli yake. Fulana tunazo mpaka leo. Tunazitumia kufutia meza.

Sisemi wale watu walikuwa wabaya. Yule afisa wa mradi alikuwa dada mzuri, na yeye alikuwa na bosi, na bosi wake alikuwa na mfadhili ng'ambo anayetaka risiti ya kila kikombe. Pesa ya umma ya nchi nyingine ina walipakodi wake, na walipakodi wana haki ya kuuliza. Lakini kila ngazi inaongeza kufuli moja, na pesa ikifika chini inakuwa na kufuli nyingi kuliko funguo.

Wakubwa wenyewe wanalijua hilo. Mwezi wa tano mwaka 2016, kwenye mkutano wa Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020, asilimia 25 ya pesa ya misaada ya dharura itakuwa inafika kwa mashirika ya wenyeji kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Mwaka 2020 ulifika, lengo halikufika. Ahadi ni deni, wazee wanasema, lakini deni la mkubwa nani ataenda kulidai?

Wakfu wa familia hauna ngazi nyingi hivyo. Unaweza kuwa na wafanyakazi watano, kumi, ishirini. Wakikubaliana mezani, pesa inatoka. Ndivyo ilivyotutokea sisi. Wakfu mmoja mdogo, ambao hawapendi kutajwa, walisikia habari zetu kutoka kwa kikundi kingine. Wakatuma mtu, mama mmoja Mkenya. Alifika kwa moto, akavua helmeti, akakaa kwenye benchi na vijana karibu saa mbili bila kuandika kitu. Halafu akamgeukia Yaya, ndivyo tunavyomwita mratibu wetu, akamwuliza: mnahitaji nini?

Tukanyamaza wote. Tulikuwa tumezoea kuulizwa kama tunaweza kufanya kitu fulani, kwa idadi fulani, kwa tarehe fulani. Hilo swali jipya halikuwa na fomu. Nilimwona Yaya akitazama chini, nikajua anapima kama ni mtego. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Kodi, mama. Na hawa watatu walipwe, wana njaa."

Tukapewa faranga milioni 9 kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Nawapa hesabu kama tulivyowapa vijana. Kodi 1,800,000. Sisi wafanyakazi watatu, kila mmoja 120,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 4,320,000. Umeme, maji na intaneti 60,000 kwa mwezi, ni 720,000. Hapo imetoka 6,840,000. Inabaki 2,160,000 kwa vifaa vya simu, nauli, ngoma zikipasuka, na fungu dogo la dharura.

Pesa hiyo kwa shirika kubwa ni gharama ya gari moja la zamani. Kwetu sisi ilibadilisha kila kitu. Kabla yake nilikuwa najitolea. Neno kujitolea ni tamu, lakini mkimbizi akijitolea, mara nyingi ni mama yake ndiye anayetoa. Mama alikuwa ananitumia kwa MoMo kidogo kutoka Mahama, katika ile pesa ya chakula. Wa kambini mnajua: tangu mwaka 2021 watu walipoanza kugawanywa katika makundi ya wanaostahili sana na wasiostahili, hiyo pesa si ya kuchezea. Sasa mimi ndiye ninayemtumia. Siwezi kueleza kwa maneno tofauti ya kupokea ile meseji na kuituma.

Lakini jambo la kodi lilinifundisha zaidi ya mshahara. Mwaka wa kwanza baada ya kujua hatutafukuzwa, vijana walibadilika. Walianza kuacha daftari zao pale. Msichana mmoja akaleta ua kwenye kopo akalipanda mlangoni. Watu hawapandi kitu mahali wanapojua wataondoka. Mimi niliyeishi kambini miaka zaidi ya 20, mahali palipoitwa pa muda, najua hivyo mwilini mwangu.

Na tusifikiri mkimbizi ni wa kupokea tu. Hapa Kigali kuna Maison Shalom ya Mama Maggy, Marguerite Barankitse. Alianza mwaka 1993 Ruyigi, Burundi, na yatima wa vita. Mwaka 2015 akakimbia nchi yake, akaja kuanza upya Rwanda na wakimbizi wenzake. Mwaka 2016 alipata tuzo ya Aurora. Tuzo hiyo ilimpa na haki ya kuelekeza dola milioni moja kwa wengine, akachagua taasisi tatu za Ulaya, moja ikiwa ya Mtawala wa Luxembourg na mkewe. Fikiria hapo: mkimbizi anakaa Kigali anaamua pesa iende kwa taasisi ya familia ya kifalme. Mara hiyo moja, mfereji ulitoka kwetu kwenda kwao.

Kampala wako YARID, ambao vijana wa Kongo waliuanzisha mwaka 2007. Walianza na mpira wa miguu na masomo ya Kiingereza, kama sisi tu. Leo ni sehemu ya umoja wa mashirika ya wakimbizi kutoka nchi mbalimbali, ambao wenyewe unatoa ruzuku kwa vikundi vingine vya wakimbizi. Umoja huo ulipata zawadi ya dola milioni 10 iliyowekwa na familia ya Chris Larsen na Lyna Lam. Hapo familia ilitoa pesa, ikakubali wakimbizi ndio wachague nani apewe. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua ya mbali zaidi, kwa sababu nguvu ya kweli iko kwa yule anayesema ndiyo au hapana.

Sasa niseme upande wa pili, maana nisiposema mtanicheka. Wakfu wa familia si malaika. Mingi haina tangazo wala fomu ya kuomba. Wanakufahamu kwa sababu mtu anayefahamika amekutaja. Je, kikundi cha Kiziba, juu kule mlimani Karongi, nani atakitaja? Anayejua Kiingereza kizuri na aliyewahi kualikwa kwenye mkutano anapita mbele. Na familia ni familia. Mzee akifa, watoto wanaweza kupenda farasi au bahari. Hakuna uchaguzi, hakuna bunge la kuwauliza. Pia wengi wanataka kikundi chenye karatasi. Hapa Rwanda shirika linaandikishwa kwa RGB, na kabla ya hapo unatafuta barua ya wilaya. Vikundi vingi vya wakimbizi havifiki huko, kwa hiyo pesa lazima ipite kwa shirika lingine lenye usajili, nalo linakata fungu lake. Sisi wenyewe tunapita hivyo.

Halafu kuna ukubwa. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona majirani zetu wa mashirika wakifunga ofisi na watu wazima wakibeba maboksi. Vijana waliniuliza kama na sisi tunafunga. Tulikuwa na bahati, mlango wetu ulikuwa mwingine. Lakini hakuna familia, hata iwe tajiri namna gani, inayoweza kulisha kambi nzima ya Mahama. Wakfu unaweza kulipa kodi ya kikundi. Hauwezi kuchukua nafasi ya haki ya mtu kula, kusoma na kutibiwa. Tusije tukawaachia serikali za dunia waseme, mna wafadhili wenu wazuri, sisi tumechoka.

Kwa hiyo kwa wenzangu wa mashirika mnaosoma hapa, nina ombi moja la kazi. Mkipanga bajeti na kikundi kidogo, wekeni mstari wa kodi na mstari wa mishahara kabla ya mstari wa fulana. Kama mfadhili wenu hataki, mwambieni kwamba mafunzo yanahitaji mlango wa kufungua siku ya pili.

Na kwa vijana wenzangu wenye vikundi, Mahama, Kigeme, Nyabiheke, Mugombwa, na ninyi wa mjini: msingoje kugunduliwa. Andikeni hesabu zenu hata kama ni faranga 5,000 za ikimina. Yule mama Mkenya alituambia baadaye kwamba kilichomshika ni lile daftari letu la michango, lenye majina na saini, lililochafuka mafuta. Ripoti nzuri kuliko ile hatujaandika tena. Na vikundi vilivyokwisha kupata, vitajeni vingine. Ukipita mlangoni, acha mguu wako pale usifungike.

Sisi tumeongeza jambo moja ambalo wafadhili hawakutuagiza. Kila mwisho wa mwezi tunabandika ukutani karatasi ya pesa iliyoingia na iliyotoka, kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Ripoti ya Kiingereza inaenda ng'ambo mara moja kwa mwaka, na wanaoisoma hawajawahi kukaa kwenye benchi letu. Ile ya ukutani inasomwa kila siku na watu wanaojua bei ya chaki. Mwezi wa pili tu, kijana mmoja wa miaka 15 alituuliza kwa nini intaneti ni ghali hivyo. Akatafuta bei ya kampuni nyingine, tukaokoa faranga 8,000 kwa mwezi. Hakuna mkaguzi aliyewahi kutusaidia hivyo.

Tuko katika mwaka wa tatu, wa mwisho. Wale wa wakfu wamesema wataangalia, na kuangalia si kuahidi. Mkutano wetu wa mwezi uliopita ulikuwa mkali. Wengine walitaka tutumie lile fungu la dharura kununua kompyuta, wengine walitaka liwe akiba ya kodi. Tukapiga kura, vijana nao wakapiga. Akiba ilishinda kwa kura nne. Vilevile kila anayejifunza simu, akishaanza kupata wateja, ataleta faranga 2,000 kwa mwezi, na tayari wapo 11 wanaoleta. Hizo ni 22,000. Hazitoshi kodi hata ya wiki moja. Lakini ziko ukutani, mstari wa kwanza, juu ya pesa ya wakfu, na vijana ndio waliosema ziandikwe hapo.